Tundu moja ubavuni mwa karavani

Misimu miwili ya mavuno nimetazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku dirisha likiwa wazi upana wa kidole, waya wa antena umepenya hapo, na tambara limeshindiliwa pembeni kuzuia mbu. Mbu wa Hombolo hawazuiliwi na tambara. Wanakuja kutoka bwawani na njaa zao, na njia ya kuingia wanaijua kuliko mwenye nyumba.

Kwa asiyenijua: nina shamba la mizabibu huko Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, na zabibu zikianza kuiva silali mjini. Nalala shambani, ndani ya karavani. Ni tela la kulala lililotoka Uingereza likiwa limeshazeeka, nikalinunua kwa mtu aliyekuwa amechoka nalo. Watoto wa jirani huliita basi lisilo na dereva. Wiki ya kwanza ya Agosti nalikokota kwa pikapu hadi Nzuguni kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, kisha nalirudisha shambani kulinda mzigo. Lina vitanda viwili, jiko la gesi, kabati la nguo na betri ya volti 12. Mlango uko kushoto, maana Waingereza nao huendesha upande wetu, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara hushukii kwenye malori. Kila kitu kimo, isipokuwa pa kuchomekea antena kwa nje.

Mwaka mzima niliogopa kulitoboa. Ukuta wa karavani si ukuta. Nje ni bati la alumini jembamba kama sufuria ya bei rahisi, katikati ni lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi, ndani ni plaiwudi nyepesi, na fito za mbao zinashikilia vyote. Ukijumlisha hata sentimita nne hazifiki. Maji yakishaingia humo huyaoni. Yanakaa kimya, mbao zinaoza taratibu, na unagundua siku unayoegemea ukuta ukabonyea. Mama watoto nilipomweleza nia yangu alinijibu kwa ufupi: "Toboa, lakini mvua ikilowesha khanga zangu kabatini utafua wewe."

Binti yangu anaishi Uingereza, naye alipokuja likizo aliniletea soketi yenyewe kwenye begi. Ni kibati cha plastiki nyeupe chenye kifuniko cha bawaba, ndani yake tundu la plagi ya antena, ile ya kusukuma tu, siyo ya kuzungusha. "Baba, kule karavani nyingi zinazo," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kumkuta babake bado anapitisha waya dirishani.

Kazi ilifanyika Julai, kabla ya kwenda Nzuguni. Kuchagua mahali kulinichukua muda kuliko kutoboa. Nilitaka nyuma ya kabati la nguo, ili waya wa ndani ufichike na televisheni iwe karibu. Nikaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sentimita kwa sentimita. Penye povu panalia *du*, penye ufito panalia *ti*. Nikaweka alama za penseli. Nikavua ubao wa ndani ya kabati, na namshukuru Mungu niliuvua, kwa sababu waya wa taa ulipita kiganja kimoja tu juu ya pale nilipokuwa nimekusudia. Bomba la gesi liko chini, karibu na sakafu. Nikachomoa kichwa cha hasi cha betri, nikashuka kiganja kizima, nikapima tena.

Tundu la mwongozo nilitoboa kutoka ndani kwenda nje, kwa kekee ya milimita 3. Ukianzia nje unakisia ndani kuna nini. Ukianzia ndani unakijua. Kwa nje nilibandika selotepu ya karatasi ili bati lisichubuke rangi. Kisha nikachukua kile kikombe chenye meno ya msumeno wanachotumia mafundi wa vitasa, nikakata kutokea nje, polepole, bila kusukuma. Alumini ililia kidogo ikaachia. Kilichofuata ni vichekesho: chembe za povu zilitoka kama kumbikumbi weupe, zikanata mikononi, kwenye ndevu, na upepo wa Julai ukazitawanya zilizobaki hadi kwenye mizabibu. Jirani akapita na baiskeli: "Mbukwa mzee," akanisalimu Kigogo, "leo unapukuchua mahindi?"

Kingo za bati nilizipiga tupa, nikapaka rangi pale palipobaki bati tupu. Gundi ndiyo ilitaka kuniponza. Duka moja mjini walinipa silikoni, na nilipokata ncha tu nikasikia harufu ya siki. Niliirudisha. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi inakula alumini. Unaziba leo ili baadaye uozeshe. Nikaenda kwa mafundi wanaobandika vioo vya magari, wakanipimia kipande cha gundi yao nyeusi. Hiyo inashika. Inashika mno, nakiri, anayetaka kuja kuing'oa soketi hiyo ajiandae na kisu na maneno makali. Nikaipaka kuzunguka soketi na ndani ya matundu ya skrubu, bawaba ikakaa juu ili kifuniko kidondoke chenyewe na maji yapite, nikakaza skrubu mpaka gundi ikaanza kuchungulia pembeni. Hapo ndipo pa kuacha. Ukiendelea kukaza, plaiwudi inasalimu amri.

Jioni nikasimamisha bomba la kubebea antena, nikaielekeza ile antena ya mifupa ya samaki upande wa mjini, kusini magharibi kwangu, nikachomeka, nikawasha. Hakuna kitu. King'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Zamani ungepata hata chenga ukajua uko karibu. Tangu analojia izimwe hapa Dodoma mwanzoni mwa 2013, picha ama ipo, ama imeganda vipande vipande, ama haipo kabisa. Haikusaidii kutafuta kosa.

Kijana mmoja anayefunga madishi nilimpigia simu. "Shikamoo mzee wangu. Hapo ni busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, mlima unakuzuia, niletee hela nikununulie." Mlima huo huo haukunizuia misimu miwili nikiwa na waya wa dirishani. Nikamshukuru, nikakata.

Nilichomoa kila kitu: antena kule juu, king'amuzi huku ndani. Hili msiliruke, kwa sababu antena nyingi kwenye mita ya fundi umeme, ile inayolia nyaya zikigusana, zinasoma kama waya umeungana, utadhani umepata kosa kumbe ni umbo lake tu. Waya ukiwa mtupu pande zote mbili, nikagusisha mita kwenye shaba ya katikati na kwenye wavu wa nje. Ikalia *piii*. Haikutakiwa kulia. Nikaifungua plagi niliyoifunga kwa mikono yangu nyuma ya soketi, nikavaa miwani, nikamulika kwa tochi ya simu. Unywele mmoja. Uzi mmoja wa ule wavu, mwembamba kuliko unywele wa mtoto, ulikuwa umejikunja na kulalia shaba ya katikati. Mawimbi yote yaliyoshuka kwenye bomba yalikuwa yanamalizikia hapo.

Nikaukata kwa wembe, nikarudishia nyuzi nyingine nyuma kwa vidole, nikafunga. Mita kimya. Ubora wa mawimbi, ambao kwa waya wa dirishani ulikuwa ukizunguka asilimia 50 na kuanguka kila upepo ukivuma, ukasimama 78. Nikafunga dirisha. Nilikula ugali wangu na mlenda nikitazama habari, na kwa mara ya kwanza humo ndani nilimsikia mtangazaji bila mbu kumjibu.

Soketi imekwenda Nzuguni ikarudi, vumbi la njiani halikuingia. Lakini hapa kwetu kiangazi hakikupi mtihani wa maji, kwa hiyo nilibandika kipande cha gazeti ndani ya kabati, chini kabisa ya tundu, nikasubiri. Mvua ya kwanza ya maana imenyesha usiku wa juzi, ikipiga ubavu ule ule. Asubuhi nikafungua kabati kabla ya kunywa chai. Gazeti kavu, khanga kavu. Nikageuka nikakanyaga maji. Yalikuwa yanatoka dirishani, pale ambapo waya uliukandamiza mpira kwa misimu miwili mpaka ukabaki na mfereji.