Nilivyoacha hela ya kuonesha nikabaki dalali

Niliingia kwenye udalali 2017, mwaka ule nyumba za pembeni mwa Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Fremu niliyokuwa nauzia vifaa vya simu ilikuwa na X nyekundu ukutani. Nikabaki sina kazi, na mtaa mzima watu wanatafuta pa kuhamia. Nilimwelekeza mmoja chumba, akanipa elfu ishirini ya soda. Huo ndio ulikuwa mtaji.

Mwaka wa kwanza niliishi kwa hela ya kuonesha. Waliopanga Dar wanaijua: mteja anakuja na elfu kumi, unamtembeza vyumba vitatu, akipenda anakulipa na kodi ya mwezi mmoja, asipopenda elfu kumi umeshaitia mfukoni. Ubaya wake ni kwamba taratibu unaanza kuomba wasipende. Kulikuwa na nyumba Temboni, choo kinarudisha maji, mwenyewe hataki kuitengeneza. Niliionesha karibu kila wiki. Kwangu mimi ilikuwa shamba.

Halafu akaja dada mmoja kutoka Mbagala, mtoto mgongoni, kabadilisha magari mpaka kufika Kimara na mwendokasi, saa saba mchana. Nikampeleka Kimara Korogwe kuona chumba masta, chenye choo chake ndani. Mwenye nyumba akafungua geti nusu. "Mbona hicho kimechukuliwa tangu juzi?" Sikuwa nimepiga simu kuuliza, nikajifanya na mimi nashangaa. Yule dada hakunitukana. Alikaa kwenye ngazi, akamnyonyesha mtoto mpaka akashiba, kisha akauliza, "Kaka, kituo kiko upande gani?" Nikamrudishia elfu kumi yake. Hakuipokea mkononi, akaniambia niiweke juu ya begi.

Nisijisifu, wiki iliyofuata niliichukua hela hiyo kwa wengine watatu, maana na mimi nilikuwa nadaiwa kodi. Lakini ilikuwa imeshatumbukia nyongo. Mwezi uliofuata niliiacha.

Ukiiacha hela ya kuonesha, kila mteja asiyepanga anakula nauli yako. Kwa hiyo ikabidi nimwoneshe mtu nyumba ambayo kweli ataichukua. Nikanunua daftari kubwa. Chumba siandiki mpaka niingie mwenyewe: nafungua bomba la bafuni, navuta maji chooni, nahesabu mita za LUKU na milango ya wapangaji. Milango sita na mita moja, namwambia mteja kwenye simu kabla hajapanda gari, kwa sababu kwa nilivyoona, ugomvi wa umeme unahamisha watu kuliko kodi yenyewe. Nyumba za bondeni nazikagua masika, mvua ikinyesha. Kimara ni vilima na mabonde. Ukienda Agosti, kila kitu kizuri.

Hapo wateja wakaanza kupenda, na ndipo nikaanza kurukwa. Unamwonesha mtu asubuhi, jioni anarudi peke yake, wanamalizana na mwenye nyumba, simu yako haipokelewi tena. Mara ya nne nilikwenda kugombana hadi nikatolewa nje ya geti. Haikusaidia.

Kilichosaidia ni mama mmoja wa Suka. Mpangaji wake alihama usiku akamwachia deni la maji la miezi mitano. Nikamwambia, "Mama, huyu anayefuata niachie mimi." Nikamleta kijana, tukapitia ofisi ya serikali ya mtaa, mkataba ukaandikwa, nakala ya kitambulisho cha NIDA ikabaki kwa mama, pamoja na namba ya anakofanya kazi. Kijana akakaa vizuri. Chumba cha pili kilipobaki wazi, mama akanipa funguo. "Mwanangu, mtu akija bila wewe simfungulii." Akawaambia na wenzake wa kanisani. Leo nina funguo za nyumba kumi na moja, na mwenye funguo si rahisi kumruka.

Malipo ni yale yale, kodi ya mwezi mmoja, ila mteja analipa akishakabidhiwa chumba. Dalali mwenzangu akileta mteja, tunagawana nusu kwa nusu, na tunaandikiana meseji kabla ya kwenda, siyo baada. Viwanja sigusi. Kamisheni yake inatamanisha, lakini nikioneshwa karatasi ya mauziano isiyo na hati, naiona ile X.

Ugumu ni Januari. Ada za shule zimebeba hela yote, hakuna anayehama, simu haiiti. Mwezi huo naendesha bajaji ya shemeji. Mwaka juzi niliendesha Januari nzima mpaka katikati ya Februari. Mwaka huu, wiki mbili.