Ukurasa wa kulia ni wa dada

Mvinyo haurudiwi. Kitabu ukikipenda utakisoma tena, wimbo utaupiga tena, lakini chupa ikishakwisha imekwisha. Hata ukifungua nyingine ya shamba lilelile na mwaka uleule, wewe mwenyewe umeshabadilika, na uliokaa nao mezani pengine si walewale. Ndiyo maana naandika. Daftari langu hukaa karibu na glasi, na leo jioni nimelisoma lote kwa mara ya kwanza.

Kurasa za mwanzo zimejaa majina ya harufu. Wakati huo nilikuwa nafuata gurudumu la harufu, mchoro wa duara wa kutaja harufu za mvinyo, alilolitunga Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1984. Katikati yake kuna makundi makubwa: matunda, maua, viungo, miti. Kadiri unavyosogea ukingoni, kila kundi linagawanyika hadi unafika kwenye kitu kimoja unachoweza kukitaja kwa jina. Nalishukuru gurudumu lile hadi leo. Lilinifundisha kwamba ukisema mvinyo ni mzuri hujaueleza bado, umeusifu tu, na kwamba pua inajua mengi kuliko tunavyoipa nafasi. Ila nikizisoma kurasa zile sasa simwoni mtu ndani yake. Sijui nilikunywa na nani, wala tulizungumza nini.

Zinaanza kubadilika kwenye chupa moja ya Syrah, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilohilo, kutoka kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, niliyoifungua pamoja na dada yangu mkubwa.

“Pilipili manga,” nikasema. “Imejaa kabisa.”

Dada akazungusha glasi, akanusa, akanusa tena. “Iko wapi? Mimi nasikia maua. Na moshi kwa mbali.”

“Hiyo hapo, dada. Karibu nipige chafya.”

“Mdogo wangu, usinilazimishe. Haipo.”

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Harufu ile inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ambayo watafiti wa Australia waliitambua kwenye mvinyo wa zabibu hizo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Ndiyo hiyohiyo inayoipa pilipili manga yenyewe harufu yake, na kiasi kidogo mno kinatosha kusikika. Lakini karibu mtu 1 kati ya 5 haisikii kabisa, hata ikizidishwa mara nyingi. Pua yake ni nzima, mengine yote anayasikia. Hilo moja tu ndilo halimfikii.

Nililifikiria jambo hili kwa siku nyingi. Watu wawili waliolelewa nyumba moja wanaketi meza moja, wanamimina kutoka chupa moja, na kila mmoja anakunywa mvinyo wake. Wasiposimuliana, hakuna atakayejua. Tangu hapo siandiki tena kana kwamba kuna jibu moja limejificha ndani ya glasi nami kazi yangu ni kulipata. Nilimpa dada kalamu. Ukurasa wa kushoto wangu, wa kulia wake.

Najua wapo wanaoona maandishi ya namna hii hayana maana. Hutaja jaribio moja la Bordeaux, Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2001, ambapo wanafunzi 54 waliosomea mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Basi, wanasema, yote ni porojo. Mimi sioni hivyo. Naona kwamba hatunusi kwa pua peke yake: macho yanachangia, kumbukumbu inachangia, na aliyeketi mkabala nawe anachangia pia. Kama ni hivyo, nikiyaacha hayo nje ya maandishi nitakuwa nimeueleza mvinyo nusu.

Halafu kuna ule mwaka ulioandikwa kwenye chupa. Ni mwaka zabibu zilipovunwa, kwa hiyo ndani yake mna jua na mvua za msimu mmoja tu. Serge Hochar wa Château Musar, shamba la mvinyo kule Lebanon, aliendelea kutengeneza mvinyo karibu kipindi chote cha vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1975 hadi 1990. Lakini mwaka 1976 mvinyo haukupatikana. Pengo hilo huwa linanigusa kuliko sifa zozote za chupa zake.

Sisi nasi tuna mwaka wetu. 2011 ndio mwaka aliofariki mama, na mimi na dada tulikuwa hatuuzungumzii. Kila mmoja alibeba wake kimya. Kisha ikatokea chupa ya 2011 mezani. Sikuichagua kwa sababu ya mwaka. Niliuona nilipokuwa nazungusha kizibuo, na dada naye akauona.

Upande wangu niliandika nilichozoea kuandika. Kwamba ukingoni mwa glasi wekundu ulikuwa umegeuka kuwa rangi ya matofali. Kwamba ukakasi ulikuwa umelainika, kwa kuwa tanini zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu huungana taratibu kadiri miaka inavyopita, na nyingine huzama chini. Mashapo yalikuwa yameganda ubavuni mwa chupa, membamba na meusi. Dada akalivuta daftari. Akaandika muda mrefu bila kuinua kichwa, akalifunga, akaaga.

Kwenye ukurasa wake hamkuwa na harufu hata moja. Aliandika kwamba kwa hesabu yake, siku zabibu hizi zinachumwa yeye alikuwa hospitalini anamchana mama nywele, na kwamba mama alimuuliza kama mimi nimekula.

Miaka yote hiyo sikulijua. Nilimjibu palepale chini ya mwandiko wake, na juma lililofuata naye akajibu chini ya wangu, mpaka maneno yetu yakavuka yakaingia ukurasa wa chupa nyingine kabisa. Tukionana bado hatumtaji mama sana. Kwenye daftari tunamtaja, na mara nyingi inaanzia kwenye jambo dogo, rangi au uchachu, kisha mmoja wetu anakumbuka kitu.

Chupa inayofuata ni Syrah tena. Dada ametaka aandike yeye kwanza, nami nisiseme neno, kwa sababu anadai nikishataja kitu yeye hujikuta anakitafuta. Nimekubali. Nina hamu ya kujua yeye huwa anasikia nini pale ambapo mimi nasikia pilipili, maana siku ile nilikazana kumwonyesha yangu, sikumuuliza vizuri habari ya yale maua.