Siku Niliyomtoa Mnyama

Geti letu la Kibamba halikuwa na kengele, na hakuna aliyeona haja ya kuiweka. Gari langu likikunja kona ya msikitini, nyumba nzima imeshajua. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa hata hajalifikia komeo, aliacha sahani yake na kwenda kuning'inia getini akipiga kelele: "Baba huyo! Baba huyo!" Mama yake akifika kufungua, mimi niko nje naunguruma.

Lilikuwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, la bluu, lenye ile pua kubwa juu ya boneti. Vijana wa kijiweni waliliita Mnyama, na mimi sikuwakataza. Nililinunua 2016 nikiwa bado kapera, kwa akiba ya miaka minne na mkopo wa kazini, na nilipooa nikaja nalo kama mtu anayekuja na mtoto wa nje.

Fundi wangu aliwahi kuniambia ukweli ambao sikuutaka. Ule mngurumo, alisema, si nguvu. Injini ile imelala chali, pistoni mbili kushoto na mbili kulia, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Sasa bomba za moshi za upande mmoja ni ndefu kuliko za upande wa pili, kwa hiyo moshi unatoka kwa kupishana. Zilinganishe urefu, sauti inapotea. "Bosi, unachokipenda wewe ni bomba ambazo hazikulingana." Nilicheka, lakini sikumpigia simu wiki nzima.

Kulikuwa na sababu halali ya kukaa nje ya geti dakika mbili gari likiunguruma. Gari la tabo halizimwi ghafla. Tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inazunguka kwa kasi ya ajabu, inapata moto mkali, na ukizima papo hapo baada ya kulikimbiza gari, oili inasimama na kuungulia mle ndani. Kwa hiyo nasubiri ipoe. Ila niseme kweli: kutoka Posta hadi Kibamba, kwa foleni ya saa kumi na mbili jioni, hakuna tabo iliyowahi kuchoka. Nilikuwa nasubiri majirani wasikie.

Januari 2022 tabo yenyewe ikafa. Ilianza kwa mluzi, ikafuata na moshi wa bluu, na karibu na Kimara gari likakosa nguvu kabisa. Nikasogea pembeni, mabasi ya mwendokasi yakinipita moja baada ya jingine, abiria wakinitazama kupitia vioo. Fundi alikwenda kutafuta nyingine Ilala, Shauri Moyo, akarudi na iliyotumika. Pamoja na ufundi ikawa milioni mbili na laki moja. Nililipa laki saba. Iliyobaki nikamwambia mwisho wa mwezi, bila kutaja mwezi gani.

Alivumilia hadi Machi, kisha akaanza kuja nyumbani Jumamosi kwa bodaboda. Nami nikafanya jambo ambalo sijivunii: nikamfundisha binti yangu la kusema. Alilishika upesi kuliko namba na herufi. Fundi akigonga, yeye anakwenda kwenye upenyo wa geti, anasema kwa adabu zote, "Shikamoo. Baba hayupo." Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia. Nilimwona fundi akilitazama Subaru, ambalo pua yake ilionekana wazi kupitia upenyo huohuo. Akaitikia marahaba, akapanda bodaboda, akaondoka.

Kisha ikaja Mei. Siku zile vita vya Ukraine vilikuwa vimeshapandisha mafuta dunia nzima, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutoa bei kikomo mpya, watu wa Dar tuliamka na simu mkononi kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Mei 4 petroli ikawa Sh3,148 kwa lita. Nilikuwa sheli ya pale Mbezi Mwisho, taa ya mafuta imewaka tangu jana yake. Mhudumu akauliza, "Ya ngapi, bosi?" Nikasema ya elfu kumi. Akaitazama ile pua ya boneti, akanitazama na mimi. Akaweka lita tatu na kidogo, akafunga tangi taratibu, kwa huruma niliyoiona.

Nilikumbuka 2017, serikali ilipofuta ile ada ya mwaka ya magari, ya stika ya kioo cha mbele, na kuihamishia kwenye mafuta kwa Sh40 kila lita. Nilishangilia kwelikweli, nikampigia simu hadi kaka yangu Morogoro. Sikukaa chini nikajiuliza ni lita ngapi za mwenye Subaru na ngapi za wengine.

Mke wangu hakunigombeza. Ana duka la vitenge na ana daftari la wadaiwa wake, na usiku mmoja aligeuza ukurasa wa mwisho akaandika kwa penseli. Kwenda na kurudi kazini, pamoja na mizunguko, kilomita 50. Gari linakwenda kilomita sita kwa lita, na hizo nilimtajia mimi mwenyewe kwa kujipendelea. Siku moja: elfu ishirini na sita. Siku 22 za kazi: laki tano na elfu sabini na kitu. Chini yake akaandika "Ada ya shule, darasa la kwanza", akaweka nukta mbili na hakuandika namba yoyote. Akanisogezea daftari, akaenda kulala.

Nikasema nitafikiria. Kufikiria kwangu kulikuwa ni kuondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili nisikute foleni, na kurudi saa tatu usiku. Serikali ilitangaza ruzuku ya Sh bilioni 100, Juni bei ikapungua kidogo, nikamwambia mke wangu, "Unaona?" Akasema, "Naona." Julai ikapanda tena. Wiki hiyohiyo nikampigia dalali.

Walikuja wengi kuliangalia. Hela hawakuwa nayo. Kuna waliotoka hadi Mbagala, wanalizunguka mara mbili, wanainama, wanapiga picha, halafu mmoja anasema, "Washa basi, mkuu, tulisikie." Nawasha. Wanafumba macho. Wanashukuru, wanaondoka. Baada ya kundi la nne nilimwambia dalali kwamba nikitoza kiingilio nitalipa deni la fundi bila kuuza chochote.

Mwishowe akapiga simu mchana, nikiwa kazini. "Mkuu, mtu nimepata. Ana Vitz, namba D, anakupa hiyo na hela juu."

"Vitz?"

"Na milioni sita na nusu juu, mkuu. Usikate simu."

Tulikutana Jumamosi kwenye gereji ya fundi wangu, Gerezani. Kijana alikuwa na kama miaka ishirini na sita, anauza simu na vifaa vyake Kariakoo, amevaa viatu vyeupe vya kuogopa kukanyaga oili. Vitz yake ilikuwa ya rangi ya fedha, ina mkwaruzo mlango wa nyuma, na ndani imening'inizwa tasbihi kwenye kioo. Ilikuwa ya mama yake, akasema. Mama alikuwa ananunua nyingine.

Fundi akaikagua Vitz ile kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwa gari langu. Alifungua kifuniko cha oili akanusa. Alishika bomba la moshi kwa kiganja, akakigeuza kukiangalia kama kina masizi. Aliinua kapeti la buti kutafuta alama za kuchomelewa. "Cc 996," akasema. "Pistoni tatu. Ikiwa imesimama inatetemeka kidogo kama mwenye homa, usihangaike, ndivyo zilivyo. Hii ina cheni, ule mkanda wa taiming wa Subaru unaotunyima usingizi haumo humu. Kilomita 15 kwa lita unapata, hata foleni. Bosi, hii chukua leo." Mpaka sasa sijui alikuwa anaisifu Vitz au anaisifu ile milioni moja na laki nne niliyokuwa sijamlipa.

Tukaangalia madeni ya trafiki kwenye simu. Vitz ilikuwa safi kabisa. Langu lilikuwa na makosa matatu, yote nimepigwa tochi njia ya Chalinze, elfu thelathini kila moja. Nikalipa elfu tisini palepale, dalali akitazama pembeni kwa heshima. Kijana akacheka, "Hii yetu haijawahi hata kufika huko, braza. Mama anaishia Ilala Boma."

Kisha akaingia kwenye Subaru, nami nikakaa kiti cha abiria. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa upande ule. Tulitokea Barabara ya Nyerere, na palipokuwa wazi kidogo akakanyaga. Tabo ikavuta pumzi, kiti kikanisukuma mgongoni, nikalisikia gari langu jinsi wengine walivyolisikia miaka yote. Kijana hakusema neno. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa furaha.

Tulipokuwa tunarudi akauliza, "Braza, linakula sana mafuta?"

"Inategemea na mguu wako," nikamjibu.

Ndivyo na mimi nilivyojibiwa 2016, neno kwa neno. Ningeweza kumwonyesha lile daftari. Nilikuwa nimepiga picha ule ukurasa kwa simu. Sikumwonyesha. Kuhusu tabo nilimweleza yote, hata kwamba imewekwa iliyotumika, na fundi alikuwepo shahidi. Lakini habari ya mafuta niliibakiza kwenye mguu wake.

Kwa wakili tulikaa kama saa moja: mkataba, vivuli vya vitambulisho, kadi za magari, mipango ya kuhamisha umiliki TRA. Fundi naye alikuja hadi pale, akakaa kwenye benchi la nje akipiga miayo, na hela ilipoingia kwenye simu yangu nikamtumia yake kabla hajauliza. Akasoma ujumbe, akaurudia. "Sasa nitakuwa nakuja kwako kusalimia tu," akasema. Nilitaka ardhi inimeze.

Kabla kijana hajaondoka nilimwinamia dirishani. "Ukifika nyumbani usizime mara moja. Kaa kama dakika mbili ipoe."

"Dakika mbili," akarudia. Akatabasamu, na kwa tabasamu lile nikajua kwamba na yeye hatakuwa anaingojea tabo. Akapotelea upande wa Kamata. Sauti ilibaki nyuma yake muda kidogo, ikachanganyika na honi za daladala, nikaacha kuisikia.

Safari ya kurudi niliiendesha Vitz kama mtu aliyevaa viatu vya jirani. Stelingi nyepesi, nikikata kona nakata sana. Bodaboda ambazo zamani zilinipisha sasa zilinipitia kulia na kushoto, na pale Ubungo daladala moja ilinichomekea bila hata kuniangalia. Kimara tulisimama kwenye foleni nusu saa. Kwa mazoea macho yalikwenda kwenye mshale wa mafuta. Ulikuwa palepale. Nikaugonga kioo chake kwa kidole, nikidhani umekwama.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipokunja kona ya msikitini. Hakuna kichwa kilichogeuka. Kijiweni walikuwa wanacheza drafti, wakaendelea kucheza. Nikasimama mbele ya geti, nikaweka parking, na mkono ukaacha ufunguo ukingoja zile dakika mbili. Nikakumbuka. Nikazima.

Kumbe nyumba yangu ina sauti. Sikuwahi kuisikia nikiwa nje. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Kijiko kiligonga sufuria. Mke wangu alikuwa anaongea na dada yake kwa simu, anacheka kile kicheko cha kushika ukuta, na binti yangu alikuwa anadai mtu fulani kamlia finyango lake la nyama. Nilikaa kwenye giza la kile kigari nikisikiliza, sijui kwa muda gani. Hakuna aliyekuja.

Nikapiga honi. Ilitoka nyembamba, piii, kama mbuzi aliyefungwa uani.

Redio ikapunguzwa. Miguu midogo ikaja mbio sakafuni, ikapunguza mwendo kwenye mchanga, ikasimama. Kwenye upenyo wa geti likatokea jicho moja, likaitazama Vitz toka taa hadi taa.

"Shikamoo," akasema. "Baba hayupo."

Nikajikuta nimeshaitikia marahaba.