Nilivyozipata protini za seli moja moja za jani

Wiki tatu mfululizo, kila nikiinamia hadubini nilikuta uji tu: kloroplasti za kijani zinaelea, seli nzima hakuna.

Nilikuwa nataka seli moja moja za jani la arabidopsisi, mmea mdogo wa kufanyia majaribio, nipime protini za kila moja. Ukilisaga jani lote, seli za ngozi ya juu, za katikati na zile za vitundu vya hewa huchanganyika, na unachopima ni wastani wa zote. Shida ni kwamba seli ya mmea imezungukwa na ukuta wa selulosi na pektini. Lazima uumeng'enye kwa vimeng'enya vya ukungu, na ukuta ukishaondoka, seli ikivuta maji hupasuka.

Dada mmoja aliyenitangulia maabara, huku Ujerumani, aliniuliza, "Mdogo wangu, maji ya kusuuzia umeyatia nini?" Sikuwa nimeyatia kitu. Manitoli, inayoizuia seli isivute maji, ilikuwa kwenye vimeng'enya peke yake, kwa hiyo seli zilikuwa zinavuka salama kote huko, halafu zinafia kwenye kusuuzwa.

Tangu siku hiyo kila chupa ina manitoli ya 0.4 M (moli 0.4 kwa lita). Jani nalikatakata kwa wembe mpya, vipande visivyozidi milimita 1, maana wembe butu huliponda. Ncha ya pipeti naikata ili tundu lipanuke, nanyonya polepole. Baada ya muda wa saa 3 gizani nikaziona: mipira ya kijani, duara kabisa, kloroplasti zimejipanga pembeni. Nilitokwa na machozi.

Kazi ya pili ni uchache. DNA ikiwa kidogo unainakili kwa PCR, mbinu ya kuizidisha maabara. Protini hainakiliki, na hiyo kidogo iliyopo hunata kwenye plastiki ikapotea. Kwa hiyo kuipasua seli na kuzikata protini kwa kimeng'enya cha tripsini nafanya ndani ya tone lilelile, chini ya maikrolita 1, nimelifunika kwa mafuta lisikauke.

Spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa kupima masi ya vipande vyake, ilipotoa orodha ya kwanza, rubisko, protini inayonasa kaboni dayoksaidi, ilikuwa juu kabisa, kama ilivyo kwa jani lolote. Protini nilizokuwa nazitafuta zilikuwa chini yake, na zilikuwapo.

Kinachonisumbua bado ni zile saa 3. Seli ikivuliwa ukuta hushtuka, ikaanza kutengeneza protini za kujihami. Ndiyo maana kila mara naweka pembeni kipande cha jani hilohilo, kisichoguswa na vimeng'enya, nakigandisha papo hapo, halafu nalinganisha.