Jinsi nilivyounganisha mashine ya plazima na boksi la CNC

Meza yangu ya CNC, yaani ya kukatia chuma kwa plazima (tao la umeme na hewa) tochi ikiongozwa na kompyuta, niliiunda mwenyewe katika karakana ndogo ya mageti na madirisha niliyo nayo Gerezani, Dar es Salaam, kwa kipimo kinachotosha kulaza shiti nzima ya futi 4 kwa 8. Mota nne za hatua, za saizi ya NEMA 23, zilikwishafungwa, boksi la kudhibiti mwendo lilikwishaunganishwa na kompyuta yenye Mach3, programu ya kuongoza mota, na kwa wiki mbili nilikuwa nikichora maua ya geti kwa kalamu iliyofungwa mahali pa tochi. Kwa hesabu yangu zilibaki nyaya mbili tu za kuwashia plazima. Nyaya hizo zilinichukua nusu saa; yaliyozizunguka yalinichukua karibu mwezi.

Mashine niliyokuwa nayo ni ya aina inayoanzisha moto kwa masafa ya juu, yaani cheche ya volti elfu kadhaa huruka ndani ya tochi kabla tao la umeme halijasimama. Kwa kukata kwa mkono haina tatizo, na hadi leo naitumia. Lakini siku nilipozitoa nyaya mbili za kitufe cha tochi yake na kuzipeleka kwenye rilei ya boksi (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), kila amri ya M3, ya kuwasha tochi, ilipotoka, kompyuta iliganda, au mota ziliruka hatua, au programu ilitangaza kwamba swichi ya kikomo, ile ya ukingoni mwa meza, imeguswa ilhali tochi ilikuwa katikati ya meza. Cheche ile hurusha mawimbi kila upande kama mtambo wa redio, na kila waya mrefu ulio jirani hugeuka kuwa antena.

Baada ya kuhangaika nayo siku kumi nilinunua mashine nyingine ya plazima, Powermax45 XP iliyokwishatumika. Hii huanza kwa njia nyingine: elektrodi na nozeli hugusana, umeme hupita kati yake, kisha hewa ya kompresa huzitenganisha na tao huzaliwa papo hapo bila cheche ya masafa ya juu. Kabla ya kulipa nilihakikisha kwamba nyuma yake kuna soketi ya pini 14 ya kuunganishia mitambo, kwa sababu si kila mashine ya toleo hilo inayo.

Kati ya pini hizo 14 nilihitaji sita. Pini ya 3 na ya 4 ndizo za kuwasha tochi, ya 12 na ya 14 hutoa taarifa kwamba tao limeshika chuma, na ya 5 na ya 6 hutoa volti ya tao iliyopunguzwa. Hapo nusura niharibu kila kitu. Boksi langu lina umeme wa volti 24, nami nilidhani kuwasha maana yake ni kupeleka umeme, kwa hiyo nilikwisha kumenya waya wa volti 24 tayari kuufunga kwenye pini ya 3. Fundi umeme jirani yangu, aliyekuja kuazima drili, akanishika mkono. “Kaka, umeme wake inao yenyewe. Wewe ifungie swichi tu.” Alikuwa sahihi: mashine hutoa umeme wake yenyewe, na kinachotakiwa ni kontakti zisizo na umeme, zinazofunga na kufungua tu kama kitufe cha kengele. Nilitumia kontakti za rilei iliyo kwenye bodi ya boksi, ile inayoendeshwa na pini ya 17 ya poti ya kompyuta, nikapitisha waya mmoja kwanza katika swichi ya dharura ili tochi izimike hata kompyuta ikiganda.

Jaribio la kwanza nililifanya plagi ya plazima ikiwa imechomolewa, mita ikiwa kwenye pini 3 na 4. Niliandika M3, rilei ikalia, mita ikalia. Kisha G4 P500, amri ya kusubiri, ili isubiri nusu sekunde ya kutoboa. Nilisubiri, nikasubiri, nikaenda kunywa chai. Programu yangu ilikuwa imewekwa kuhesabu kwa sekunde, si kwa milisekunde, kwa hiyo ilikusudia kukaa hapo dakika 8 na sekunde 20. Tochi ingekuwa inawaka, ningetoboa shiti na maji ya chini yake.

Pini 12 na 14 nilizipeleka kwenye ingizo la bodi lenye optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme), na tangu hapo meza haisogei mpaka tao lishike chuma kweli. Pini 5 na 6 zilienda kwenye kifaa kinachopandisha na kushusha tochi kwa kufuata volti. Kiwandani mgawanyo huwekwa 50 kwa 1, kwa hiyo tao la volti 130 huonekana kama volti 2.6, na kifaa lazima kiambiwe uwiano huo huo. Kuchukua volti ghafi moja kwa moja ndani ya mashine sikushauri kwa mtu yeyote, kwani tao lisiposhika hupanda kupita volti 200 za umeme wa moja kwa moja.

Bado swichi za kikomo zilidanganya mara mojamoja. Nilibadilisha kebo zake kuwa zenye ngao ya matundu, ngao nikaifunga ethi upande wa boksi peke yake, nikazihamisha zisilale sambamba na kebo ya tochi, na pale zilipolazimika kukutana nikazikatisha kwa pembe mraba. Meza nayo niliipa fimbo yake ya ethi ardhini, na klipu ya kurudishia umeme nikaihamisha kutoka mguu wa meza hadi kwenye shiti yenyewe. Hatua hiyo ya mwisho, ambayo haikunigharimu hata shilingi, ndiyo iliyomaliza udanganyifu.

Ua la kwanza nililikata kwenye bati la milimita 3, na likarudi mahali lilipoanzia bila kuachana hata unywele. Ndani ya mlango wa boksi nimebandika karatasi yenye namba za pini zile sita, na chini yake, kwa kalamu nyekundu: G4 ni sekunde.