Kombe la Davis: Mwenyeji Anapochagua Kiwanja

Droo ya Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za taifa za wanaume, ikitoka, swali la kwanza ni nani mwenyeji. Yeye ndiye anayeamua kama mtacheza kwenye udongo, nyasi au sakafu ngumu, ndani ya ukumbi au juani, mji wa pwani au wa mlimani. Kwenye mashindano mengi ya tenisi mchezaji huyakuta haya yamekwisha kupangwa na waandaaji. Hapa timu moja humpangia mwenzake, na kanuni zinaruhusu. Mimi naona hiyo ndiyo roho ya kombe hili.

Na ni jambo la tangu siku ya kwanza. Mwaka 1900 Dwight Davis, aliyekuwa Harvard, alitoa kombe la fedha, na Wamarekani wakawaalika Waingereza kwenye viwanja vya Longwood, Boston. Wageni walifungwa 3-0 wakarudi kwao wakilalamika: nyasi ndefu, neti imelegea, mipira laini. Zaidi ya karne imepita na malalamiko ya wageni ni yaleyale.

Uenyeji haununuliwi wala haupigiwi kura ya bahati kila mara. Nchi mbili zikikutana kwa mfumo wa nyumbani na ugenini, anayeandaa ni yule aliyekuwa mgeni mara ya mwisho. Kama hazijawahi kukutana tangu 1970, ndipo kura hiyo inapopigwa. Kwa hiyo nahodha makini hujua mapema kabisa wapinzani gani watakuja kwake na kwa nani atalazimika kusafiri.

Siku hizi pambano, yaani mkutano wa nchi mbili, lina mechi tano kwa siku mbili, kila mechi mshindi ni wa seti mbili kati ya tatu. Nahodha huteua wachezaji wasiozidi watano. Hapangi yeye nani yuko juu ya mwenzake. Orodha ya viwango vya dunia ndiyo inayosema nani namba moja na nani namba mbili. Siku ya kwanza namba moja wa huku hukutana na namba mbili wa kule, mechi mbili, na droo huamua ipi itangulie. Siku ya pili huanza na mechi ya wawili wawili, kisha namba moja kwa namba moja, mwisho namba mbili kwa namba mbili. Siku hiyo ya pili nahodha anaweza kubadilisha wachezaji, na hapo ndipo wengi wameokoka au wameangamia. Yeye pia ndiye anayekaa kitini kando ya kiwanja na kuzungumza na mchezaji wakati wa kubadilishana pande.

Sasa, kiwanja unakichaguaje? ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, hupima kasi ya kiwanja na kukipa namba: 29 kushuka chini ni polepole, 35 hadi 39 ni wastani, 45 na kuendelea ni kasi. Mpira nao una aina zake. Aina ya pili ndiyo ya kawaida, kipenyo sentimita 6.54 hadi 6.86. Aina ya tatu ni mkubwa kidogo, 7.00 hadi 7.30, unazuiwa zaidi na hewa na umekusudiwa viwanja vya kasi. Uzito haubadiliki, gramu 56.0 hadi 59.4. Ukiwa na wachezaji warefu wenye sevu (mpigo wa kuanzisha pointi) nzito, unataka sakafu ya kasi ndani ya ukumbi, pasipo upepo wala jua la kuwasumbua wakirusha mpira juu. Ukiwa na wakimbiaji wavumilivu, unataka udongo.

Mfano bora wa chaguo lililofaulu ni Lyon, 1991. Ufaransa haikuwa imelichukua kombe tangu 1932. Nahodha Yannick Noah alikuwa na Guy Forget na Henri Leconte, wote wawili wa mkono wa kushoto na wote wanaopenda kushambulia. Zulia la kasi likatandikwa ukumbini. Sevu ya mtu wa kushoto kwenye zulia huteleza chini ikikimbilia nje, na Pete Sampras, aliyekuwa akicheza Kombe la Davis kwa mara ya kwanza, alifungwa na Leconte, kisha na Forget. Ufaransa 3, Marekani 1.

Lakini makosa ndiyo yanayofundisha, na katika fainali ni mengi. Argentina mwaka 2008 iliandaa Mar del Plata. Mpango ulikuwa sakafu ngumu ya kasi ndani ya ukumbi, kwa ajili ya David Nalbandian na Juan Martín del Potro, na kwa ajili ya kumnyima Rafael Nadal udongo wake. Nadal hakuja, alikuwa majeruhi. Waliokuja ni Feliciano López na Fernando Verdasco, watu wa kushoto wenye sevu kali, na sakafu ile ikawa yao. López alimfunga del Potro, ambaye aliumia na siku ya mwisho akabadilishwa na José Acasuso. Hispania nayo ikamtoa David Ferrer, ikamwingiza Verdasco, na Verdasco akashinda kwa seti tano, maana enzi hizo mechi ziliweza kufika tano. Kiwanja kilijengwa kumzuia mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo.

Mwaka 2014 Ufaransa iliweka udongo ndani ya uwanja wa mpira wa miguu wa Lille, ikijua Waswisi wanatoka moja kwa moja kwenye sakafu ngumu ya London na Roger Federer anaumwa mgongo. Siku ya kwanza hesabu ilielekea kuwa sawa: Federer alipigwa na Gaël Monfils. Walichopuuza ni Stan Wawrinka, ambaye udongo haukumtisha hata kidogo; mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa Roland Garros, mashindano makubwa ya udongo ya Paris. Uswisi ilishinda 3-1. Mwaka 2015 Ubelgiji ikarudia kosa hilohilo kule Ghent: udongo wa ukumbini ili kumpunguza kasi Andy Murray wa Uingereza, wakati Murray mwaka uleule alishamfunga Nadal kwenye fainali ya Madrid, juu ya udongo. Alishinda mechi zake mbili, na ya wawili wawili pamoja na kaka yake Jamie.

Udongo wa muda una taabu zake pia. Kinachoonekana juu ni unga wa tofali wa milimita moja au mbili tu. Kazi yote iko chini, kwenye tabaka la chokaa lililosagwa na kushindiliwa. Uwanja wa kudumu hushindiliwa na mvua, jua na miaka; wa ukumbini hupewa siku chache. Ukiumwagilia kidogo, unga unakuwa mkavu na miguu inateleza bila breki. Ukiumwagilia sana, ukumbi hauna jua la kuukausha, mpira unabeba tope na kuwa mzito. Ukishindiliwa vibaya, mpira unaruka ovyo karibu na mstari wa nyuma, na hapo mwenyeji anaumia sawasawa na mgeni.

Mwaka 2018, mkutano wa ITF mjini Orlando ulipiga kura kubadilisha mfumo, na kampuni ya Kosmos ya mwanasoka Gerard Piqué ikapewa fainali. Kuanzia 2019 timu 18 zilikutana Madrid, mechi tatu kwa pambano. Nilichoona kimepotea ni uchaguzi wa kiwanja, na mkataba ule ukavunjika 2023. Tangu 2025 kumekuwa na nafuu: raundi mbili za kufuzu zinachezwa nyumbani na ugenini, kisha timu nane tu hukutana mji mmoja. Italia ilishinda mwaka huo Bologna, kwa mara ya tatu mfululizo.

Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo. Makundi ya chini ya Afrika hukusanya nchi kadhaa mji mmoja kwa siku chache, kila pambano mechi tatu: namba mbili, namba moja, kisha wawili wawili. Timu hucheza karibu kila siku, kwa hiyo anayekuja na wachezaji wawili tu hupata taabu kabla ya wiki kwisha. Anayeandaa naye ana vipimo vya kufuata: kiwanja kinahitaji nafasi ya mita 6.40 nyuma ya kila mstari na 3.66 pembeni. Neti ni mita 0.914 katikati. Kwa mechi za mmoja mmoja, vijiti vya kuinua neti husimamishwa mita 0.914 nje ya mstari wa pembeni wa ndani, na lazima viondolewe kabla ya mechi ya wawili wawili. Vikisahaulika, neti inakuwa juu kuliko inavyotakiwa kwenye korido, yaani ukanda wa pembeni unaotumika kwa wawili wawili tu.

Nairobi Club imewahi kuandaa mapambano haya kwenye udongo, na hapo mwinuko unafanya kazi kuliko udongo wenyewe. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi, mpira hausimamishwi, na mchezaji aliyetoka Dar es Salaam hupiga mipira mirefu siku mbili za kwanza. Dawa ni kuongeza mkazo wa nyuzi za raketi kwa kilo moja hadi mbili, kuzungusha mpira zaidi kwa juu, na kufika siku kadhaa mapema. Kanuni zinatambua hali hii kuanzia mita 1,219, kwa hiyo Kigali na Addis Ababa zimo na Kampala iko karibu kabisa na mpaka. Juu ya hapo unaweza kutumika mpira maalumu ambao, ukidondoshwa kutoka sentimita 254, hurudi 122 hadi 135 badala ya 135 hadi 147. Au mpira usio na shinikizo ndani, ila huo lazima uwe umekaa kwenye mwinuko huohuo siku 60 au zaidi. Makopo yaliyopandishwa jana kutoka Mombasa hayatafaa.