Samaki wawili wa Ziwa Masoko

Kila ninaporudi nyumbani Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, hutenga siku moja ya kushuka hadi Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, nikakaa kimya ukingoni. Ni ziwa dogo la kreta, yaani shimo la volkeno, lenye upana wa takriban mita 700 na kina cha zaidi ya mita 30. Wageni wengi husimuliwa habari za Wajerumani na sarafu zinazosemekana kutupwa majini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mimi huenda kwa ajili ya samaki.

Humo mna samaki mdogo wa jamii ya sikilidi, ndugu wa perege, anayeitwa kitaalamu Astatotilapia calliptera, na majike yake hutunza mayai na vifaranga mdomoni. Madume wanaoishi karibu na ufuko wana rangi ya manjano inayoelekea kijani. Wale wa kina cha zaidi ya mita 20 ni wa buluu iliyokolea. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jeni zao, wakaonyesha kwamba makundi hayo yalianza kutengana ndani ya miaka 500 hadi 1,000 iliyopita, na kwamba yanatofautiana pia katika chakula, umbo la mwili na taya. Kwa mageuko ya viumbe, muda huo ni kama jana.

Jambo linalonishangaza ni kwamba hakuna kinachowazuia kukutana. Tumezoea kufikiri kwamba ndugu hutenganishwa na mlima, mto mkubwa au bahari, lakini samaki wa buluu angeweza kupanda hadi ufukoni kwa muda mfupi tu. Mojawapo ya mambo yanayoonekana kuwatenga ni mwanga. Kadiri maji yanavyozidi kina ndivyo mwanga unavyofifia na rangi zake kupungua, na miongoni mwa jeni zilizoonekana kutofautiana ni ile ya rodopsini, protini ya jicho inayonasa mwanga hafifu. Jicho linalofaa kilindini si lazima lifae juu, na kwa kuwa rangi ya dume ina nafasi katika uchaguzi wa mwenzi, mahali pa kuishi, chakula na ndoa huanza kwenda pamoja, hata ukoo mmoja ukawa na nafasi mbili katika mazingira yale yale. Bado hawajawa spishi mbili kamili. Sisi tumebahatika kuzaliwa wakati jambo lenyewe linatendeka.

Chini yetu, katika Ziwa Nyasa, kazi hiyo imekwenda mbali sana: sikilidi wake wamefikia mamia ya spishi, wengine wakikwangua mwani miambani, wengine wakichuja mchanga, wengine wakiwinda samaki wenzao. Na juu yetu, msituni Rungwe, yuko kipunji, tumbili aliyetambulishwa rasmi kisayansi mwaka 2005, ambaye jeni zake zilionyesha kuwa ni ndugu wa karibu wa nyani. Nyani hutembea chini na kuingia mashambani mwetu. Kipunji huishi zaidi juu ya miti. Ndugu hawa nao kila mmoja ana ghorofa yake.

Ndiyo maana nikiona shamba jipya likikaribia kingo za kreta moyo wangu hauna raha. Miteremko ile ni mikali, na mvua za kwetu hazina huruma kwa udongo usio na mizizi ya kuushika. Katika Ziwa Victoria, maji yalipochafuka, majike ya baadhi ya sikilidi yalishindwa kutofautisha rangi za madume, spishi zikachanganyika na nyingine zikatoweka. Samaki wa Masoko nao wanasaidiwa na mwanga kubaki mbalimbali, na mwanga huo unategemea maji yabaki maangavu, nayo maji yanategemea ile miti ya ukingoni.